Cherehani ya Mishi

Moto ulianzia chumba cha nyuma, na kabla maji hayajaletwa ulikuwa umeila nyumba nzima ya kupanga. Watu walitoka salama, vyombo vyao vikawa majivu. Mwenye nyumba alikuwa na bima, lakini bima yake ilikuwa ya kuta na paa. Mali ya wapangaji haikumhusu.

Mpangaji mmoja tu ndiye aliyekuwa amekatia bima vitu vyake: Mishi, fundi cherehani. Siwatu, jirani na fundi mwenzake, ambaye cherehani yake nayo iliungua humo, alikuwa amemcheka mbele za watu. "Chumba chenyewe si chako, unakata bima ya nini?"

Siku watu wa bima walipomletea Mishi cherehani mpya, Siwatu alikwenda kumpa hongera. Alikwenda akijua atasimangwa, na moyoni aliona anastahili.

Alimkuta barazani kwa shangazi yake, akiipaka cherehani mafuta.

"Karibu, dada. Nilikuwa nakungoja."

"Hongera, mwenzangu. Nami ndimi niliyekucheka."

"Ulinicheka, nikaudhika, yakaisha." Mishi alimvutia kiti. "Najua umeahidi watu sare za shule. Asubuhi nitashona mimi, alasiri ushone wewe, mpaka upate yako."

Siwatu alimtazama binti huyu aliye mdogo kwake kwa umri, akaona jinsi alivyozidiwa utu. Akaketi, akaulowesha uzi kwa ncha ya ulimi, akalitafuta tundu la sindano. Haukupita. Machozi yalikuwa yamemjaa, na Mishi aligeuka taratibu akatazama barabarani.