Rozari ya Mlutheri

Haya niliambiwa na wifi yangu Kokushubira juzi, tukimenya ndizi. Tangu makanisa yaungane, kila nyumba husalishwa na sauti ya ukutani, na maneno yaliyowagawa watu zamani yamekatazwa. Ukiyatamka, ukuta unalia mpaka wewe unyamaze. Kaka yangu Rwegasira, mumewe, Mkatoliki wa zamani, akawa hapati usingizi bila kusali rozari yake.

"Wewe Mlutheri umefurahi," akamwambia mkewe. "Miaka yote ulinicheka."

"Nilikucheka, baba Ishengoma. Lakini ulikuwa unalala."

Jioni moja wifi akajifunika naye blanketi, akamnong'oneza Salamu Maria sikioni, akikosea maneno. Rwegasira akamsahihisha, akamsahihisha tena, akakoroma. Ukuta haukulia. Wifi hakujua kama haukusikia, au umewaandika ili uwashtaki kesho. Akausikiliza, shanga za rozari mkononi, mpaka naye usingizi ukamchukua.