Bi Nguchiro na Mpango Mpya

Alikuwepo Bi Nguchiro, mama wa ukoo mzima, aliyependa kupanga mambo kuliko hata kula. Kila asubuhi aliwaongoza wanawe nyasini kuwinda panzi, na jirani yao Hondohondo aliwafuata nyuma akidonoa panzi waliokurupuka.

“Jirani,” Bi Nguchiro akamwambia siku moja, “katika mpango wangu mpya kila mtu ana kazi. Wewe unakula tu na kupiga kelele. Samahani, sina pa kukuweka.”

“Haya, dada,” Hondohondo akajibu, akaruka zake.

Kesho yake panzi walikuwa tele, lakini kivuli cha Mwewe kikapita, wote wakatimkia shimoni. Walipotoka, kila mmoja aliwinda huku macho yakiwa juu, na panzi wakawaponyoka. Wakalala njaa.

“Kwani zamani nani alikuwa anaangalia juu?” mumewe akauliza.

Bi Nguchiro akazikumbuka zile kelele. Kila zilipopigwa, Mwewe hakuwa mbali.

Asubuhi akaenda mtini kwa Hondohondo. “Jirani, njoo ule.”

“Umenipatia kazi?”

“Ni ile ile. Kula, na kelele zako zote uje nazo.”

Siku hiyo Bi Nguchiro alikula bila kuinua kichwa.