Kura ya Mwenyekiti

Kura zilifungana, na macho yote yakamgeukia mwenyekiti.

Aliyependekezwa kuwa mwanachama wa maisha wa klabu ya kuogelea alikuwa mtalaka wake, mwalimu ambaye watoto walimwita Mama Filimbi. Waliompinga walisema hajawahi kuiletea klabu hata kikombe kimoja. Walipoachana, wawili hao waligawana kila kitu hadi vijiko. Klabu tu ndiyo iliyowashinda kuigawa.

"Ukikataa tutakuelewa, kaka," mweka hazina alimnong'oneza. "Maisha ni mpaka kufa."

Mwenyekiti akatazama dirishani. Mama Filimbi alikuwa ndani ya maji hadi kifuani, kiganja chake kikiwa chini ya mgongo wa bibi mmoja aliyekuwa akijifunza kuelea. Vidole vyake bila shaka vilikuwa vimekunjamana kwa maji. Taratibu akakishusha kiganja. Bibi akabaki juu, akiongea na kucheka, hana habari kwamba ameachiwa.

Mwenyekiti akanyoosha mkono juu kukubali.

Alitoka mwenyewe kwenda kumpa habari.

"Nani kaamua?" Mama Filimbi akauliza.

"Wajumbe," alijibu. "Hebu toka kwenye maji, utapata mafua."