Kitambaa Chenye Maua ya Njano

Fundi alichomoa kijiti kilichoviringishiwa kitambaa ndani ya mpira wa kupumulia injini.

"Nani kaziba hapa? Injini imekosa pa kutolea pumzi, oili imefumua sili zote zinazoizuia isivuje."

Mke wa mwenye gari akamgeukia mdogo wake, aliyekuwa akiliendesha. "Umetuharibia gari!"

"Dada, haki ya Mungu, sijagusa."

Mwenye gari aliziba mwenyewe, oili isimdondokee barazani, kabla hajamkabidhi shemeji yake funguo.

"Madereva bwana, kila kitu 'sijagusa'," akasema.

Fundi akakikunjua kitambaa. Chini ya weusi wa oili yakatokeza maua ya njano, ya pazia la jikoni kwao.

Mkewe akakishika, akakitazama.

"Mdogo wangu," akasema, "shemeji yako ana neno la kukwambia."