Kitambaa cha Jasho la Fundi

Katika mji ule hakuna aliyemjua Fundi Sekibo, mpuliza tarumbeta, kuliko Bi Rehani. Ukiwaacha mkewe, wanamuziki wenzake na wote waliowahi kuzungumza naye. Bi Rehani mwenyewe alimwona mara moja tu, tena kisogoni.

Lakini kila kiangazi, kwenye tamasha la jazi la kumkumbuka marehemu, kiti cha mbele kilikuwa chake. Kabla ya wimbo wa kwanza alipunga kitambaa cheupe ambacho, kwa maelezo yake, Fundi alijifutia jasho akamtupia. Hakijaonja maji tangu siku hiyo! Watu walishangilia, ndipo bendi ikaanza.

Mwaka huo kando yake akaketishwa mgeni, bibi wa rika lake.

"Hebu nikione, shoga."

Bi Rehani akampa kwa maringo. Yule bibi akakigeuza, akakinusa.

"Marehemu mume wangu alikuwa akijifuta kwa mkono wa shati," akasema taratibu. "Miaka thelathini nimeisugua mikono ile, wala haikutakata."

Bi Rehani akatamani ardhi ipasuke immeze. Kitambaa alikinunua dukani, na juzi tu alikifua kwa sabuni ya mche baada ya kuku kukichafua.

"Bi Rehani, tupungie!" wakaita wa jukwaani. Uwanja mzima ukasimama. Jasho likamtiririka hadi kidevuni.

Mjane akamrudishia kitambaa.

"Jifute kwanza, mwenzangu," akamnong'oneza. "Angalau leo kipate jasho."