Ushanga wa Kidawa

Katika kiwanda cha maziwa ya unga ya watoto, kompyuta mbili mpya za kuendeshea mashine zilikuwa mezani zikimsubiri Bi Tunu achague. Fundi alikuwa akiifungua ile kuukuu, iliyojaa unga wa maziwa mpaka chini ya vitufe.

"Mama, na hiki nini?"

Ulikuwa ushanga mwekundu. Bi Tunu akaupokea. Miaka ishirini nyuma, bangili ya shoga yake Kidawa ilikatika papa hapa. Shanga zikaokotwa zote isipokuwa mmoja. Maziwa ya siku nzima yakamwagwa, Kidawa akafukuzwa, huku akiapa kwamba haukuingia kwenye maziwa. Hakuna aliyemwamini, hata Bi Tunu.

Akauweka ushanga juu ya kompyuta ya kwanza. Ukanasa kwenye mwanya wa kioo. Akauweka juu ya ya pili, yenye mgongo ulioinama, isiyo na skrubu wala ufa. Ukateleza moja kwa moja hadi kiganjani mwake.

"Tuchukue hii."

Akafumba kiganja, akaanza kuimba taratibu ule wimbo wao wa kupakia makopo, akanyamaza ilipofika zamu ya Kidawa kuitikia.