Mikono Inayomkanda Zulfa

Siku hizi wenye maumivu sugu huvaa kidude nyuma ya sikio, kinachouambia ubongo kwamba kiungo kinachojongea ni cha mtu mwingine. Kabla hajakivaa, bega la Bi Mwanahawa liliuma akiwaza tu kuinua mkono. Sasa bintiye Zulfa amejifungua, na mama anamkanda mwenyewe kwa maji moto, raha tupu.

"Taratibu, mama. Unanikanda kama unga wa mandazi."

"Tulia. Mzazi hana maoni."

Zulfa akageuza shingo. "Sitanii, mama. Mikono hii siijui."

Bi Mwanahawa akaiangalia ile mikono ikikanda. Hata yeye aliiona kama ya jirani aliyekuja kusaidia.

"Basi ngoja," alisema. "Mwanangu nitamkanda mimi, bega likitaka lianguke."

Akakivua kidude, akaung'ata mdomo, akayasubiri maumivu. Hayakuja. Mikono ikachovya kitambaa kwenye beseni, ikakikamua vizuri, ikarudi mgongoni kwa Zulfa. Wala yeye hakuwa ameituma.